Zilipendwa na mazimwi: tunavyokumbuka na ilivyokuwa

Wanaopenda muziki wa Marekani wa miaka ya 50 na 60 na wanaopenda sinema za kutisha za rangi nyeusi na nyeupe mara nyingi ni watu wale wale. Mwenye santuri za Elvis kabatini, mchokoze kidogo tu, atakusimulia Dracula hadi usiku wa manane. Nami nimo humo. Tuna ugonjwa mmoja: tunaukumbuka wakati ambao wengi wetu hatukuwapo, na tunaukumbuka kwa kuuchanganya. Haya hapa madai tunayopenda kuyarudia, kila moja na ilivyokuwa kweli.

“Mazimwi ya sinema na muziki wa roki ni rika moja.”

Hili ndilo kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lina sababu nzuri. Dracula, mnyonya damu aliyechezwa na Bela Lugosi, na jitu lililochezwa na Boris Karloff katika Frankenstein yote mawili yalitoka mwaka 1931, katika studio za Universal, wakati Marekani imebanwa na mdororo mkuu wa uchumi. Elvis Presley alikuwa hajazaliwa, alizaliwa 1935. Waliokimbia kwa hofu kutoka kwenye kumbi zile walikuwa wazazi, si vijana wa roki.

Kilichowakutanisha ni televisheni. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems ilivikodisha vituo vya Marekani fungu la filamu 52 za zamani za Universal, likaitwa Shock. Vituo vikazirusha usiku, na vingi vikaweka mtangazaji aliyejipaka sura ya maiti ili azitanie katikati. Mmoja wao, John Zacherle wa Philadelphia, alitoa wimbo wake wa utani wa mazimwi mwaka 1958, ukapanda mpaka nafasi ya 6 kitaifa. Watoto waliokuwa wakiibia usingizi kuangalia vipindi hivyo ndio waliokuja kuwa wanunuzi wa santuri ndogo. Kwa hiyo Oktoba 1962, “Monster Mash” ya Bobby Pickett iliposhika namba moja, vijana walikuwa wanacheza na hofu ya wazazi wao iliyokwisha makali. Ilikuwa zilipendwa tangu siku ile ile.

Lugosi hakuyaona haya. Alifariki Agosti 1956, mwaka mmoja na ushei kabla sura yake haijarudi sebuleni kwa watu.

“Ulikuwa wimbo wa kitoto, haukumuudhi mtu.”

BBC iliukataa “Monster Mash”, ikiona unacheza na mauti. Uingereza ilisubiri hadi 1973 ndipo ukachezwa, na papo hapo ukafika nafasi ya 3. Ajabu ni kwamba milio yenyewe ya kutisha kwenye santuri ilikuwa ya jikoni: mlio wa jeneza linalofunguka ni msumari wenye kutu unaong’olewa kwenye ubao, na wa chungu kinachochemka ni mtu anayepuliza maji kwa mrija.

“Frankenstein ni lile jitu.”

La. Ni aliyeliunda. Jitu halina jina, wala katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818 halikupewa. Na yule msaidizi mwenye kibiongo wa filamu ya 1931 haitwi Igor, anaitwa Fritz. Ygor alikuja katika filamu ya 1939, akiwa na shingo iliyovunjika kwa kitanzi, na aliyemcheza ni Lugosi huyo huyo.

“Mnyonya damu hufa akipigwa na jua, ndivyo ilivyo tangu kale.”

Dracula wa kitabu cha Bram Stoker, cha 1897, anatembea London mchana kweupe. Nguvu zake hupungua, basi. Kwamba mwanga wa jua humuua ni ubunifu wa filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu, iliyomchukua Dracula bila idhini na kumbadilisha jina. Mjane wa Stoker alishtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, ila chache zikaponyoka. Fikiria: kanuni ambayo leo kila mtoto anaijua imetufikia kupitia filamu iliyohukumiwa kuteketezwa. Meno marefu nayo usiyatafute kwa Lugosi, hakuwa nayo. Tunamchanganya na Christopher Lee, Dracula wa 1958, tena filamu ya huyo ilikuwa ya rangi, damu ikionekana nyekundu.

“Zombi ni msukule.”

Hapa Waswahili tuko karibu na ukweli kuliko tunavyodhani, ila kwa zombi mwingine. Katika filamu ya White Zombie ya 1932, ambayo kisa chake kinatokea Haiti, wafu wanasukuma kinu cha miwa bila ujira wala kuchoka. Huyo ni msukule kabisa, mtu aliyezikwa akafanywa mtumwa. Anayekula watu ametoka kwa mwongozaji George Romero mwaka 1968, katika Night of the Living Dead, na humo neno zombi halitamkwi hata mara moja.

“Zamani redio ilipiga kilichopendwa.”

Zilipendwa, ndiyo, lakini nyingine zililipiwa. Mwaka 1960 Bunge la Marekani lilihoji hadharani watangazaji waliopokea fedha ili wapige santuri fulani, na sheria ikabadilishwa mwaka huo huo. Alan Freed, mtangazaji wa redio aliyelieneza jina la rock and roll, alikiri kosa 1962. Faini yake ilikuwa dola 300, lakini kazi yake ilikwisha.

Kuna waliopendwa wasilipwe, vilevile. Wengi hudhani “wimoweh”, linalorudiwarudiwa katika wimbo “The Lion Sleeps Tonight”, ni neno la Kiafrika lenye maana yake. Ni masikio ya Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani, yaliyokosea: alisikiliza santuri ya Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi “Mbube” Johannesburg mwaka 1939, na “uyimbube”, yaani wewe ni simba, akaisikia vingine. Kundi la The Tokens liliufikisha wimbo huo namba moja 1961. Linda alikuwa ameuuza kwa shilingi kumi. Alikufa maskini 1962, na familia yake ikapata mapatano kuhusu haki zake mwaka 2006. Wimbo huu siwezi tena kuusikiliza kwa furaha tupu.

“Wakongwe wa sinema waliuona utani huu kuwa dharau.”

Sauti nzito yenye kithembe ambayo Pickett aliimba nayo ilikuwa ya kumwigiza Karloff. Oktoba 1965, kipindi cha muziki wa vijana kilichoitwa Shindig! kilimwalika Karloff mwenyewe. Alikuwa na miaka 77. Alisimama mbele ya kamera akaimba “Monster Mash”, akimwigiza mtu aliyemwigiza yeye.