Tumbo imejaa gesi? Jaribu hii pozi ya yoga

Swali: Niko Nakuru, nimekula githeri mbili kubwa jioni na sasa tumbo imekaza kama ngoma, naweza fanya yoga saa hii?

Jibu: Pole sana dada, lakini saa hii hapana, ukilala chali ukiwa umeshiba hivyo utapata kiungulia bure. Tembea tembea kwa ploti polepole kwanza, hiyo peke yake husaidia gesi kusonga, alafu pozi ufanye baada ya masaa mawili matatu ama asubuhi kabla ya chai.

Swali: Inafanywa aje?

Jibu: Inaitwa pawanamuktasana, usiogope jina. Tandika mkeka sakafuni, si kitandani juu godoro inazama, lala chali, kunja goti la kulia ulishike na mikono miwili (kama goti huuma shika nyuma ya paja) ulivute taratibu mpaka uskie paja limegusa tumbo, mguu ule mwingine uache umenyooka. Kichwa kiache chini, kuna watu huinua shingo mpaka mishipa inatokea na shingo haikukula githeri. Ukivuta pumzi tumbo inasukuma paja, ukitoa unavuta goti karibu kidogo. Pumzi tano hivi, kisha kushoto, kisha magoti yote mawili pamoja.

Swali: Mbona kulia kwanza?

Jibu: Utumbo mpana unapanda upande wa kulia, unavuka juu, alafu unashuka kushoto, kwa hivyo walimu wa yoga hufuata hiyo njia. Ukianza kushoto hakuna kitu itaharibika.

Swali: Na nikijamba?

Jibu: Si ndio tunataka! Fungua tu dirisha.

Swali: Nani asijaribu?

Jibu: Mwenye mimba, mwenye ngiri, aliyepasuliwa tumbo juzi juzi, na mwenye shida ya uti wa mgongo mpaka aongee na daktari. Na kama uchungu ni mkali umeshuka chini kulia na una homa, ama unatapika, ama choo iko na damu, ama gesi na choo zote zimekataa kutoka, hiyo si ya mkeka, enda hospitali usiku huo huo.

Swali: Yangu ni ya kila siku.

Jibu: Basi anza jikoni. Loweka maharagwe usiku kucha na hayo maji umwage, usiyapikie. Alafu acha maziwa siku kadhaa uone, watu wazima wengi tumbo zao haziyawezi.