Je, kombe la besiboli linanunuliwa?

"Mwenye pesa si mwenzio," husema wengi wakiitazama besiboli ya Marekani: mishahara haina kikomo, basi New York Yankees watajinunulia kombe wakitaka. Rekodi zinasema vingine. Kuanzia 2001 hadi 2008 Yankees walilipa mishahara mikubwa kuliko timu zote, na hawakutwaa ubingwa hata mara moja. Mwaka 2003 walifika fainali, ambayo ni mfululizo wa mechi, wakafungwa mechi 4 kwa 2 na Florida Marlins, ambao mishahara yao haikufika nusu ya ile ya Yankees. Tena mechi ya mwisho ilipigwa New York kwenyewe: Josh Beckett, kijana wa Marlins wa miaka 23, aliwarushia wapigaji wa Yankees mipira mwanzo hadi mwisho bila kuruhusu pointi hata moja.

Pesa zina kazi yake, tusidanganyane. Katika msimu wa mechi 162, kikosi kipana huibeba timu hadi mtoano. Huko sasa, mrushaji mmoja aliyeamka vizuri anatosha kuvuruga hesabu zote. Los Angeles Dodgers, matajiri kweli, walibeba kombe 2024 na 2025. Lakini New York Mets wa 2023, waliovunja rekodi ya matumizi, walishinda 75, wakapoteza 87, na mtoano wakautazama kwenye televisheni.