Mgeni Akisikia Kiwelisi Hudhani Anasemwa

Kuna kisa ambacho nimekisikia kwa Waingereza mara nyingi mno, hata naweza kukimalizia kabla msimuliaji hajafika katikati. Mtu yuko likizo Welisi, ile nchi ya kina Gareth Bale. Mvua inanyesha, anajikinga kwenye baa ya kijijini. Ndani watu wanapiga soga kwa Kiingereza. Akishafunga mlango tu, baa nzima inageuza lugha, wote Kiwelisi. Hapo msimuliaji hutikisa kichwa: watu gani hawa, hawapendi wageni!

Mara nyingi aliyeingia baa si msimuliaji mwenyewe. Ni shemeji yake, au mtu wa kazini kwake. Mimi ni mtu wa isimujamii, ninayesoma maandishi ya wasafiri kuhusu lugha za watu wengine, na hiki ndicho kisa ninachopenda kufundishia, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake kinaelezeka bila kumlaumu mtu.

Jiulize kwanza: huyo mgeni alijuaje kwamba kabla hajaingia watu walikuwa wakiongea Kiingereza? Alikuwa nje mvuani. Kiwelisi cha mazungumzo kimejaa maneno ya Kiingereza, kama Kiswahili cha Nairobi au cha maofisini Dar es Salaam. Sikio lisilojua lugha hudaka kile linachokijua: jina la timu, siku ya wiki, tusi, bei. Kwa hiyo katika sekunde za mwanzo mgeni anasikia Kiingereza. Akitulia anagundua haelewi kitu, na anaamua kwamba lugha imegeuzwa. Haikugeuzwa. Isitoshe, watu wawili wakishazoeana kwa lugha moja hawaiachi kirahisi. Waliokutana darasa la kwanza kwa Kiwelisi watazeeka nacho, na kukibadilisha ghafla kwa ajili ya mtu aliyesimama kaunta akisubiri bia ni kama kuanza kumwita mama yako kwa jina lake.

Kabla hatujawacheka Waingereza, tujitazame. Wachaga wawili wakianza Kichaga ndani ya daladala, hakosekani wa kuuliza kwa nusu utani: “Mnatusema nini?” Tumelelewa tukiambiwa kwamba kuongea kilugha mbele za watu ni kukosa adabu. Katika kisa cha baa, basi, sisi wasemaji wa Kiswahili tumekaa kiti cha Mwingereza. Lugha yetu ndiyo kubwa, na mwenye lugha kubwa hujiona ana haki ya kuelewa kila neno linalotamkwa karibu naye. Asipoelewa, hasemi “sijui lugha hii.” Husema “hawa watu wana siri.” Nikisoma wageni wa Welisi wa karne zote, nauona mstari huohuo.

Sio wote, lakini. Mmoja wa wa kwanza walioandika kwa kirefu ni Gerald, kasisi aliyezaliwa Manorbier, kusini-magharibi mwa Welisi, katika karne ya 12. Baba yake alikuwa Mnormani. Bibi yake mzaa mama, Nest, alikuwa binti wa mfalme wa Kiwelisi. Mwaka 1188 alizunguka nchi pamoja na Askofu Mkuu Baldwin wa Canterbury wakitafuta watu wa kwenda Vita vya Msalaba. Anatuambia mwenyewe kwamba huko Haverfordwest alihubiri kwa Kilatini, kisha kwa Kifaransa, na watu wasiojua hata moja kati ya hizo wakabubujikwa machozi na kujiandikisha. (Gerald hakuwa mtu wa kujishusha.)

Aliyoyaona yanavutia. Nyumba ziko wazi kwa kila mpita njia. Mgeni wa asubuhi hupigiwa kinubi na wasichana wa nyumba hadi jioni. Watu husugua meno kwa kijiti kibichi na kuyapangusa kwa kitambaa cha sufu. Hawaimbi kwa sauti moja, bali kila mwimbaji na sauti yake, na zote zinakutana. Lakini kitabu chake cha pili cha maelezo kina nusu ya pili, na huko Wawelisi haohao ni wavunja viapo na wanyang’anyi. Kisha anaeleza jinsi ya kuwashinda kivita, na baada ya hapo, kwa kuwa damu yake ilikuwa pande zote mbili, jinsi wao wanavyoweza kujihami! Mwisho anamleta mzee wa Pencader, aliyemwambia Mfalme Henry II kwamba taifa hilo linaweza kudhoofishwa, lakini siku ya kiyama hakuna lugha nyingine itakayojibu kwa ajili ya kona ile ya dunia.

Waliokuja baadaye, watalii wa karne ya 18 na 19 waliofuata milima na maporomoko ya maji, wengi hawakuwa na bibi Mwelisi. Vitabu vyao vinarudia lalamiko moja: ukiwauliza wenyeji njia, wanakujibu “Dim Saesneg”, yaani hakuna Kiingereza, na kwenda zao. Wasafiri waliona kiburi. Sensa ya 1891, ya kwanza kuuliza suala la lugha huko, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu walizungumza Kiwelisi, na takriban nusu milioni hawakujua lugha nyingine. Mkulima aliyesema hana Kiingereza alikuwa akisema kweli.

Ubaya wa dhana ya msafiri ni pale inapopewa muhuri wa serikali. Mwaka 1846 William Williams, Mwelisi aliyekuwa mbunge wa Coventry, aliliomba Bunge lichunguze elimu ya Welisi. Wakatumwa makamishna watatu, Lingen, Symons na Vaughan Johnson, vijana wa Kiingereza, wanasheria, Waanglikana, na hakuna hata mmoja aliyejua Kiwelisi. Walikuwa na wasaidizi waliokijua, lakini watoto wengi walipimwa kwa Kiingereza, nao wakanyamaza. Kimya chao kikaandikwa kuwa ujinga. Kwa mashahidi, walisikiliza sana mapadre wa Anglikana katika nchi ambayo wengi walisali kwa Wamethodisti, Wabaptisti na wenzao. Ripoti ilitoka 1847 katika majalada matatu ya buluu. Ilisema shule ni mbovu, na hilo kwa kiasi kikubwa lilikuwa kweli. Ikaongeza kwamba Kiwelisi ni kizuizi kwa maendeleo ya kimaadili na ya kibiashara ya watu wake, na kwamba wanawake wao ni wepesi wa uzinzi, lawama ikitupiwa hata mikutano ya sala ya usiku.

Wawelisi waliuita mkasa huo Brad y Llyfrau Gleision, usaliti wa vitabu vya buluu. Kinachonisikitisha zaidi si ripoti, ni jinsi walivyoijibu. Walikasirika, kisha wakatumia miongo kadhaa kumthibitishia yuleyule mgeni kwamba wao ni watu safi. Walijisifia kuwa nchi ya glavu nyeupe, kwa sababu jaji aliyekuta hakuna kesi ya jinai alipewa glavu nyeupe. Na wazazi wengi wakaamini kwamba mtoto atafika mbali kwa Kiingereza tu. Kulikuwa na shule ambazo tayari zilitumia kibao chenye herufi WN (Welsh Not, yaani “Kiwelisi hapana”), kikivalishwa shingoni mtoto aliyenaswa akisema Kiwelisi, naye akikihamishia kwa mwenzake atakayemnasa. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Haikuwa sheria ya serikali, na si kila shule ilifanya hivyo. Msomaji wa Kenya, Uganda au Tanzania aliyewahi kubebeshwa kibao kama hicho kwa kusema lugha ya nyumbani hahitaji nimchoree picha.

Mwaka huohuo wa 1847 mtoto wa miaka sita aitwaye John Rowlands, mzaliwa wa Denbigh, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiwelisi, aliachwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Sisi tunamjua kwa jina la Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 na ambaye Wakongo walimwita Bula Matari. Kwa miaka mingi alijidai Mmarekani. Nikisoma kurasa zake kuhusu watu wa njia ya misafara, zile hukumu za haraka juu ya uvivu na udanganyifu wa wenyeji, nakumbuka kwamba watu wake mwenyewe walikuwa wameandikwa kwa kalamu ya aina hiyohiyo.

Na yule aliyejua lugha? George Borrow, Mwingereza wa Norfolk, alijifunza Kiwelisi ujanani Norwich, akisaidiwa na Mwelisi mtunza farasi. Mwaka 1854 alitembea nchi hiyo kwa miguu, na kitabu chake, Wild Wales, kikatoka 1862. Ana majivuno, na chuki yake kwa Wakatoliki inachosha. Hata hivyo kurasa zake zimejaa watu wanaoongea: wafumaji, wasaga nafaka, wenye nyumba za wageni. Wa kaskazini walimdhani ametoka kusini, wa kusini wakamdhani wa kaskazini. Alikwenda kisiwa cha Ynys Môn (Anglesey) kuona alikozaliwa mshairi Goronwy Owen, na akakuta wanakijiji wa kawaida wanaomjua mshairi huyo. Makamishna walikuwa wamepita miaka michache tu kabla yake wakiona giza.

Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani Mweusi, namtaja kwa ufupi, ingawa anastahili makala yake. Alikutana na wachimba makaa wa kusini mwa Welisi mwaka 1929, na alipozuiwa kuondoka Marekani aliwaimbia kwa simu ya baharini huko Porthcawl, mwaka 1957. Huyu ndiye yuleyule aliyesoma Kiswahili London katika miaka ya 1930. Kwaya alizozipenda zilikuzwa makanisani kwa nota za solfa, zilezile ambazo mwanakwaya wa Dodoma au Kisumu anazisoma leo.

Sasa ile dhana nyingine ya wageni, kwamba Kiwelisi ni lugha isiyo na vokali. Kiwelisi kina vokali tele, ila w na y nazo ni vokali: cwm husomwa kama “kum”. Mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Neno hubadilika mwanzoni, jambo linalomtesa Mwingereza na kamusi yake: mji mkuu, Cardiff, ni Caerdydd, lakini yng Nghaerdydd ukiwa ndani yake na i Gaerdydd ukiuendea. Mtu aliyekua na ulimi na ndimi, urefu na ndefu, hashtuki. Sauti ngumu ni ll. Weka ulimi kama wa kutamka l, kisha puliza hewa pembeni bila sauti. Mwiraqw wa Mbulu hahitaji somo hilo. Sauti hiyo anayo, huiandika sl. Na lile jina refu la stesheni ya Ynys Môn ambalo watalii hupiga nalo picha lilirefushwa karne ya 19 makusudi ili kuwavutia hao watalii.

Sensa ya 2021 iliwakuta wasemaji takriban 538,000, asilimia 17.8 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Katika kaunti ya Gwynedd, kaskazini-magharibi, walikuwa asilimia 64.4. Karibu wote wanajua Kiingereza, na hapo kisa cha baa kinapinduka kabisa. Waulize wanaojifunza Kiwelisi lalamiko lao kuu. Watakwambia hawapati mtu wa kuzungumza naye, maana wenyeji wakisikia lafudhi ya mgeni tu wanahamia Kiingereza, kwa adabu ileile tunayoitumia tunapomhurumia Mzungu anayekwama kwenye ngeli. Ukienda, tafuta wahudumu wenye beji ya rangi ya chungwa, alama ya wanaosema Kiwelisi kazini. Anza na “bore da” hata kama ndiyo yote uliyo nayo, na wakikujibu kwa Kiingereza, rudia tena kwa Kiwelisi.