Kisima ni changu, maji je? Tunavyodanganyana kiangazi hapa Lubumbashi

"Kisima ni changu, nilichimba kwa pesa yangu." Maneno haya nayasikia kila Septemba, mara tu mtu anapoomba tupunguze kumwagilia bustani. Kweli, shimo ni lako, na matofali, na ndoo. Maji si yako. Maji ya chini ya ardhi hayajui parseli yako inaishia wapi. Yanapita taratibu kwenye udongo na nyufa za mwamba, na pampu ya mmoja ikivuta kutwa, yanaweza kushuka hata kwa majirani. Anayeumia kwanza ni mwenye kisima kifupi, na mara nyingi huyo hana hata pampu.

Mimi naona kwenye kamba. Mwezi wa tano, kiangazi kikianza, ndoo yetu hugusa maji na kamba nyingine imebaki mkononi. Mwaka jana, mwezi wa tisa, kamba yote iliisha na ndoo ikaning'inia hewani. Nikaunga kipande, nikafunga fundo. Jioni hiyo mama mmoja wa avenyu yetu alikuja kuchota, akarudi na nusu bidoni, na chini yake tope. Ng'ambo ya ukuta mpira ulikuwa unanyunyizia nyasi.

Wapo wanaosema makatazo ya kumwagilia huwa ni ya maji ya robine (bomba) tu. Cape Town, Afrika Kusini, kwenye ukame wa 2018, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 za maji ya mji kwa siku, na ilikatazwa kabisa kuyamwaga bustanini. Lakini hata maji ya visima vya watu binafsi yaliwekewa mpaka: Jumanne na Jumamosi, kwa muda wa saa moja tu, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni.

Na wale wanaosema nyasi zisipomwagiliwa "zitakufa"? Nyingi zikigeuka kahawia zimelala tu. Mizizi iko hai, mvua za Novemba zitaziamsha. Piga hesabu: lita 1 kwenye mita mraba 1 ni kina cha milimita 1. Kutia milimita 10 kwenye uwanja wa mita 5 kwa 4 kunataka lita 200, yaani bidoni 10 za lita 20. Mtoto anayezibeba kichwani anaielewa hesabu hiyo kuliko mimi. Maji hayo yaende kwenye lengalenga na matembele, vitu tunavyokula na bukari (ugali).

Tena, kumwagilia kidogo kidogo kila siku hakuokoi mti. Maji hulowesha juu tu, jua na upepo wa Agosti vinayachukua, na mizizi inazoea kubaki juu. Miche michanga ndiyo inayohitaji maji mara kwa mara. Mwembe uliokwisha kushika unataka maji mengi kwa mara moja, polepole, kisha uachwe siku nyingi. Mwagilia alfajiri au jioni, halafu funika udongo kwa majani makavu. Inaniuma kuona majani hayohayo yanafagiliwa na kuchomwa kila asubuhi, kisha maji yanamwagwa kutuliza vumbi jekundu mlangoni, na saa moja baadaye vumbi limerudi.

Maji ya kusuuzia nguo hayaui migomba. Yamwage shinani siku ileile, yasiwe na Javel (dawa ya kung'arishia nguo), wala yasiguse mboga za majani.

Dhana ya mwisho ndiyo inayotuponza zaidi: mvua ya kwanza ikinyesha, shida imekwisha. Udongo uliokauka miezi mitano hunywa kwanza wenyewe, na kisima husubiri. Kwetu lengalenga zilikwisha kuota zenyewe kando ya ukuta, lakini ndoo iliendelea kuhitaji kile kipande cha kamba hadi Januari.