Haptiki: gemu inapokushika mkono

Mvuvi wa mshipi pale Kirumba, Mwanza, hamwoni samaki anayekula chambo. Kidole ndicho kinachomwambia: huyu anadonoa tu, huyu kameza, huyu ni sangara, kaa sawa. Haptiki ni ufundi wa kuifanya mashine iseme na ngozi yako namna hiyo. Neno lina asili ya Kigiriki na linahusu kugusa. Simu ikikutetemekea mfukoni ndani ya daladala, hiyo ni haptiki, ya kiwango cha chini kabisa.

Kwenye gemu za nyumbani, mtikisiko ulishika kasi mwaka 1997, Nintendo walipoleta kifaa cha kuchomeka kwenye padi, kile kidude cha vitufe unachokishika kwa mikono miwili, na Sony wakaitoa padi yao ya DualShock kwao Japani. Mwombe fundi akufungulie padi ya PS2, mashine ya gemu ya Sony. Utaona mota mbili, kila moja ina kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Mota ikizunguka, chuma kinayumba, padi inatetemeka. Ya kushoto ina chuma kizito, inanguruma. Ya kulia ni nyepesi, inavuma kama nyuki. Basi. Rafu na gari kugonga ukuta vinakaribia kufanana, maana mota huchukua muda kushika kasi na muda kutulia. Kwenye banda ninalochezea mimi, Mabatini, mota za padi nyingi zilishakufa na hakuna anayelalamika.

DualSense, padi ya PS5 iliyotoka 2020, haitumii tena chuma cha kuyumba. Ina koili na sumaku, kama spika ya redio, ila hii inasukuma kiganja badala ya hewa. Inaanza ghafla na kusimama ghafla, ndiyo maana matone ya mvua na hatua juu ya changarawe unaweza kuvitofautisha umefumba macho. Vitufe vya L2 na R2, vile vya kuvuta kwa kidole cha shahada, navyo vina mota yenye gia inayokaza: ukivuta upinde, kidole kinakutana na ubishi. Hapo ndipo ninapoukumbuka mshipi. Mkazo unaobadilika una habari nyingi kuliko mtetemo.

Mguso ukifika sambamba na picha na sauti, ubongo unaacha kubisha, unaingia mchezoni. Ukichelewa kidogo tu, unashtuka kwamba umeshika plastiki. Gemu inayotikisa padi kwa kila kitu mimi naizimia mtikisiko kwenye mipangilio. Na utelezi wa sato mkononi, padi bado haijauweza.