Chakula cha jeli cha samaki ni kitu gani, na kwa nini lochi wa mawe wanakihitaji

Kila nikisema samaki wangu wa tenkini, hawa lochi wa mawe (samaki wadogo wanaoishi wamejibandika kwenye mawe), wanakula jeli watu wanawaza ile ya nywele, au ile ya watoto ya kwenye pakiti yenye picha ya stroberi, na kuna jamaa yangu wa Nyegezi hapa Mwanza aliuliza kabisa kama nawapa mafuta ya mgando. Aliyeelewa haraka kuliko wote ni mama mmoja anauza supu huku Kirumba, nilimwelezea nikiwa nakunywa supu yake asubuhi, akaniambia "kwani mwanangu hayo si makongoro yaliyolala?"

Ndo yenyewe. Ukichemsha makongoro muda mrefu ile ngozi na mishipa inaachia kitu kwenye maji, ukiiacha sufuria mpaka asubuhi na kale kabaridi ka usiku unakuta supu imeganda, ukiitikisa inacheza, ukiibandika jikoni inarudi kuwa maji. Hicho kinachogandisha ndo jelatini. Chakula cha jeli cha samaki ni hivyohivyo tu, chakula kimesagwa laini, kimechanganywa na maji ya moto yenye kitu cha kugandisha, kikapoa kikawa kipande unachoweza kukata kwa kisu na ukikitupa kwenye maji hakisambaratiki. Kwaiyo jeli sio aina ya chakula kama ambavyo dagaa ni aina ya chakula. Jeli ni namna ya kukishikilia chakula kikae sehemu moja, ndani yake unaweka unachotaka wewe, na hapo ndo wengi wanapochanganya, mtu anauliza "jeli ina vitamini gani" wakati hilo ni swali kama la kuuliza sahani ina vitamini gani.

Sasa kwa nini ujisumbue hivyo na chakula cha vidonge kipo dukani? Inategemea mdomo wa samaki wako. Hawa lochi wa mawe, kwa Kiingereza hillstream loach, asili yao ni vijito vya milimani huko Asia, kuna Sewellia lineolata wa Vietnam, kuna Beaufortia wa China, kuna Gastromyzon wa kisiwa cha Borneo. Ni wadogo, Sewellia anaishia kama sentimita 6 hivi, wako bapa kama wamekanyagwa, mapezi yametanuka pembeni yanamshika kwenye jiwe hata maji yakipita kwa kasi namna gani yeye habanduki. Mdomo uko chini ya kichwa. Maisha yake yote ni kutembea juu ya jiwe anakwangua ule utelezi wa kijani, ambao sio majani matupu, ndani yake kuna mwani, bakteria na vidudu vidogo vidogo vinavyoishi humo.

Sisi watu wa Mwanza hatuhitaji kwenda Vietnam kuelewa hilo. Nenda kwenye mawe yetu Ziwa Victoria sehemu maji yametulia uangalie chini, utaona furu (wale samaki wadogo wa ziwa letu) wa kwenye mawe wanang'ata ng'ata jiwe lilelile siku nzima. Kuna furu wa jamii ya Neochromis wana meno madogo mengi yamepangana kama brashi, kazi yake kusugua mwani. Ni samaki wa ukoo mwingine kabisa na lochi, ila kazi ni moja.

Sa mkwanguaji kama huyo ukimrushia vidonge au vile vipande vyepesi vinavyoelea, kwanza maji ya tenki lake yana kasi (lazima yawe na kasi, anataka oksijeni nyingi na maji ya nyuzi 20 mpaka 24 hivi), chakula kinapelekwa mpaka kwenye filta, kinachobaki wenzake wenye mbio wanakimaliza, yeye bado yuko kwenye jiwe anashangaa. Na kwenye tenki safi linalong'aa, lile ambalo mgeni akija anasifia, jiwe halina kitu. Lochi hafi njaa kwa siku mbili, anaisha polepole, miezi. Uzuri wake ni kwamba anapenda kujibandika kwenye kioo, kwaiyo unamwona tumbo kwa chini bila kumshika, likiwa limeingia ndani jua hujamlisha hata kama unamwaga chakula kila siku.

Jeli inaenda kukaa palepale alipo. Inazama, haipeperushwi, anaikwangua taratibu usiku kucha kama anavyokwangua jiwe. Tena kuna ujanja mmoja naupenda, unaimimina ikiwa bado ya moto juu ya jiwe bapa kavu, ikiganda unalitia jiwe zima tenkini, basi nawaona lochi wangu wanne wote wamepanda juu.

Marekani wananunua unga ambao tayari una kila kitu, Repashy ndo jina linalotajwa sana, unatia maji ya moto unasubiri ipoe. Mi natengeneza mwenyewe. Mchicha nauchemsha kidogo, nachukua spirulina ya unga (ule mwani mdogo wa kijani uliokaushwa) kijiko kimoja, dagaa wachache wa hapahapa waliokaushwa bila chumvi (waoshe sana, waliokaushwa chini wana mchanga hatari), nasaga vyote kwenye brenda mpaka laini kabisa. Mboga iwe nyingi kuliko dagaa. Hamna chumvi, hamna mafuta ya kupikia, na ile jeli ya watoto ya pakiti usiiguse, ni sukari na rangi tu ile.

Kugandisha una njia mbili. Jelatini isiyo na ladha, kama gramu 7 kwa robo lita ya mchanganyiko inatoa kitu kigumu cha kutosha, inayeyuka kwenye maji ya moto tu, haihitaji kutokota. Ya pili ni aga-aga, hii inatoka kwenye mwani mwekundu wa baharini, kijiko kimoja cha chai cha unga kwa kikombe, na yenyewe lazima ichemke dakika kadhaa la sivyo haigandi. Mimi kwa joto la huku nachagua aga-aga, maana jelatini ikifika karibu nyuzi 30 inaanza kulegea, na mchana wa jua kali tenki lisilo na feni linapanda, wakati aga-aga ikishaganda mpaka uichemshe upya ndo inayeyuka. Vitu kama spirulina changanya mwishoni ikishapoa kidogo, moto mkali unaua baadhi ya vitamini.

Nilishawahi kutia papai bichi kwenye ya jelatini nikidhani nawapa matunda. Usiku mzima kwenye friji, asubuhi bado uji. Nikaja kukumbuka kwa nini mama zetu wanapaka nyama ngumu papai bichi kabla ya kupika, kile kinacholainisha nyama ndo kinaikata jelatini, kwa sababu jelatini nayo ni protini. Nanasi bichi hivyohivyo. Aga-aga sio protini kwaiyo yenyewe haijali.

Ikiganda kata vipande, weka kwenye mfuko vikiwa bapa, tia friza. Ukivitoa vinaachia maji na kuwa kama sponji kidogo, kawaida hiyo. Kwa lochi wanne natoa kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, naweka taa zikishazimwa, asubuhi natoa kilichobaki. Hilo la kutoa usilifanyie uvivu, jeli inaonekana nzima kumbe imeshaanza kuoza na maji yanachafuka kimyakimya.

Ila jeli haifuti jiwe. Nina ndoo mbili juani zenye mawe na maji ya bomba yaliyolala, baada ya wiki mbili hivi mawe yanakuwa ya kijani, nayazungusha, haya yanaingia tenkini yale yanarudi ndooni. Mawe ya ziwani siyachukui moja kwa moja, yanakuja na konokono, na konokono wa ziwani ndo wanabeba kichocho, nakaushaga juani siku nyingi kwanza. Na lochi usije ukawamwaga ziwani hata wakikushinda, wageni tunaowajua wanatutosha, sangara aliletwa miaka ya 1950 na 1960 na furu wengi tu hatuwaoni tena.

Umeme ukikatika siweki jeli. Pampu imesimama, oksijeni inashuka, na chakula chochote kinachooza humo kinaila hiyo kidogo iliyobaki, kwaiyo nasubiri urudi, maji yakizunguka kama saa nzima ndo nawatilia.