Sauti kwenye michezo ya kompyuta: gharama si malipo ya mwigizaji tu

Wengi wanaamini kwamba michezo ya kompyuta ya kuigiza uhusika ilipunguza maandishi kwa sababu waigizaji wa sauti ni ghali. Malipo yao ni sehemu tu. Kinachobana zaidi ni kwamba sentensi ikisharekodiwa, kuibadilisha ni kazi nzito.

Mchezo wa Morrowind (2002) ulitegemea maandishi kwa sehemu kubwa. Uliofuata, Oblivion (2006), ukayapa mazungumzo sauti, na hapo hati ya mazungumzo lazima ifungwe mapema. Mbunifu akihamishia jukumu (kazi anayopewa mchezaji) mji mwingine, kila mstari unaoutaja mji wa kwanza hurudi studio: mwigizaji yuleyule, maikrofoni ileile, umbali uleule kutoka mdomoni. Kimoja kikikosekana, kiraka kinasikika.

Jina analojichagulia mchezaji nalo ni tatizo, kwa kuwa mwigizaji hawezi kulijua wakati wa kurekodi. Mass Effect (2007) ilimwita kila mchezaji Shepard, ila mistari ya Shepard ilirekodiwa mara mbili, na Mark Meer kwa sauti ya kiume na Jennifer Hale kwa sauti ya kike. Kwa Fallout 4 (2015), roboti Codsworth alirekodiwa majina zaidi ya 900 ili aweze kumwita mchezaji.

Na maandishi marefu hayakufa. Disco Elysium (2019) ina maneno yapatayo milioni moja. Sauti kamili iliongezwa 2021, sehemu kubwa ya maandishi ikiwa tayari imetulia. Huo ndio mpangilio unaookoa fedha, kwa maoni yetu. Kwa kasi ya maneno 150 kwa dakika, milioni moja ni takriban saa 111 za sauti safi, kabla ya kuhesabu marudio.